Sentimita Tisa

Kule Aldskar, kijiji chetu cha kando ya ziwa, hakuna polisi wa barafu. Hakuna sheria ya serikali inayomkataza mtu kuingia ziwani kuteleza barafu ikishika. Akitaka kuingia aingie, akizama azame. Kilichopo ni bendera mbili na neno la mtu mmoja. Ikipepea nyekundu juu ya kibanda cha chama cha watelezaji, watu hukaa ukingoni, viatu vya kutelezea vimening'inia shingoni, wakimeza mate. Ikipanda ya kijani, shule inafungwa, duka la mikate linafungwa, hata mchungaji hufupisha mazishi. Anayepandisha bendera ni msimamizi wa barafu. Huyo huenda peke yake na keekee na rula, akatoboa matundu kumi na moja kuzunguka ziwa, halafu akaandika ubaoni namba moja tu, ile ya mahali pembamba kuliko pote. Sentimita kumi na mbili na kuendelea, haya, twende. Chini ya hapo, rudini mkanywe kahawa.

Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo alikuwa Oene, na hakuna aliyewahi kutia mguu barafuni kabla ya bendera yake. Si kwamba walimwogopa. Walimwamini, basi.

Sasa huyu Oene, jamani, alikuwa na mdomo! Fundi bomba mstaafu, miaka sabini na mmoja, masharubu kama brashi, na kila kitu alichokatazwa mtu mahali popote duniani kilimuuma yeye. Halmashauri ikitaka wazee wavae kofia ngumu kwenye baiskeli, Oene anaandika barua gazetini. Ikitaka kupiga marufuku fataki za mwaka mpya, barua nyingine. "Mtu mzima akitaka kuvunja shingo yake," alikuwa akisema, huku akigonga meza ya mtu yeyote aliyemkaribisha, "shingo ni yake!" Watu wa Aldskar waliijua sentensi hiyo kama wanavyoijua kengele ya kanisa.

Aliyembishia ni mmoja tu, dada yake Hiske. Mjane, amemzidi miaka mitatu, na alikuwa amefundisha falsafa sekondari ya mjini karibu maisha yake yote ya kazi. Kila Jumapili Oene alikwenda kwake kunywa kahawa na mkate wa sukari, na kila Jumapili walishikana mashati kwa maneno.

"Na mkewe je, atakayemlisha kwa kijiko shingo ikishavunjika?" Hiske alikuwa akiuliza.

"Mkewe hamiliki shingo."

"Na kama huyo mtu hajui kwamba atavunjika?"

"Mwambie."

"Na ukishamwambia, bado anakwenda?"

"Unamwacha! Unamwambia kweli, halafu unamwacha. Kuna ugumu gani hapo? Akimdhuru mwenzake, mfungeni hata leo. Akijidhuru mwenyewe, hiyo ni baina yake na Mungu wake."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama tano kwa kumi," Hiske alikuwa akisema. "Una sauti, mdogo wangu, ila hujawahi kumpenda mtu huyo anayekwenda kuvunjika." Oene hucheka na kuomba kipande kingine cha mkate.

Msimu wa majani kuanguka, daktari alimwambia Hiske kuwa vali moja ya moyo wake imekaza, na kwamba operesheni mwili wake hautaistahimili. Apande ngazi polepole. Asibebe vitu. Baridi kali na kazi ya kutoa jasho, akae navyo mbali kabisa. Hiske alimweleza Oene habari hiyo huku akimimina kahawa, kama mtu anayesimulia bei ya viazi. Oene ndiye aliyeshindwa kunywa.

Halafu Februari baridi ikaja. Kule kwetu majira ya baridi yalikuwa yamekuwa ya mvua tupu, mwaka wa kumi sasa bila barafu ya maana, na watoto wa darasa la tatu walikuwa hawajawahi kuteleza ziwani hata mara moja. Upepo ukageukia mashariki. Jumamosi mfereji ulishika. Jumapili Oene alipoingia jikoni kwa dada yake alikuta viatu vyake vya kutelezea mezani, chuma kimeshanolewa, kinang'aa.

"Nitazunguka ziwa," Hiske alisema. "Kilomita ishirini. Mara moja tu, polepole, kama bibi kizee anayekwenda dukani."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema naweza kufa. Nimemwambia nimesikia."

Oene alifungua mdomo. Wewe! Mtu ambaye hakuwahi kukosa neno tangu aanze kuota meno, siku hiyo alikaa kama gogo. Hiske akamtazama juu ya miwani yake, akatabasamu.

"Sema basi," akasema. "Nakusubiri. Nikataze, bwana shingo-ni-yake."

"Sikukatazi," Oene alijibu. "Nani amesema nakukataza?"

"Nilijua. Leo umefika alama sita."

Akarudi nyumbani akitembea juu ya tuta, na moyo wake ukimwambia, mpumbavu wewe, ulikuwa na nafasi ya kumpigia magoti na umejifanya mwanamume wa msimamo. Mkuki kwa nguruwe. Shingo za watu wote alizitoa bure kwa miaka hamsini, na sasa imefika zamu ya shingo moja tu, ya mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, hakuwa tayari kuitoa. Lakini kurudi na kumwambia "dada, nakuomba usiende" alishindwa. Angemcheka. Na hata asingemcheka, angekwenda.

Jumanne alfajiri akachukua keekee na rula, akaenda kupima. Tundu la kwanza, kumi na nne. La pili, kumi na nne. Mdomoni mwa mfereji, kumi na tatu na nusu. Chini ya daraja, pale panapochelewa kila mwaka, alipiga magoti, akaingiza rula, akasoma, akaifuta kwa mkono wa koti, akasoma tena. Kumi na tatu. Ngumu, nyeusi, haina hata ufa. Katika miaka yake yote ishirini na miwili hakuwahi kukuta barafu nzuri kama ile, na kwa mara ya kwanza aliipima bila furaha. Taarifa ya hali ya hewa ilisema Alhamisi upepo utageuka kusini na mvua itanyesha. Siku mbili. Kilichohitajika ni siku mbili tu.

Akafika kwenye kibanda, akashika chaki, na mkono wake ukaandika tisa.

Hakuwa mlevi, hakuwa amechanganyikiwa. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye yeye mwenyewe alijaribu kujidanganya kwamba alikuwa hajalala vizuri. Aliandika tisa akijua anaandika tisa. Na alipomaliza alijisikia nafuu, nafuu kabisa, kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yenye mtoto ndani.

Jumatano asubuhi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Sufuria za supu ya njegere zilikuwa tayari zinachemka, mwalimu mkuu ameshaandika tangazo la kufunga shule, hana tarehe tu. Baukje, mwenyekiti wa chama, alikuwa amewaleta wajukuu zake watatu kutoka mjini kwa treni. Walikuwa wamevaa viatu vya kuazima, pua nyekundu, wamekaa kwenye benchi bila kusogea wasije wakapoteza nafasi. Ubaoni, tisa.

"Bwana Barafu!" Wiebren alipaza sauti. Huyu ni mfugaji wa ng'ombe, jirani yake Oene, mtu wa mizaha. "Hiyo barafu unaihifadhi kwa ajili ya arusi yako au vipi? Usiku wa tano huu, digrii kumi chini ya sifuri, ng'ombe wangu wananipa aiskrimu, na wewe unatuletea tisa!"

Watu wakacheka. Oene hakucheka.

"Chini ya daraja maji yanatembea," akasema.

"Yanatembea yanakwenda wapi? Hebu nipe hiyo keekee nikapime mwenyewe."

"Chukua!" Oene akafoka, akamsukumia keekee kifuani. "Chukua basi! Miaka ishirini na miwili nimekupimia, hujawahi kulowa hata soksi, leo umekuwa fundi?"

Wiebren akainua mikono yote miwili. "Basi, baba, usinile mzima. Wewe ndiye unayejua."

Wewe ndiye unayejua. Oene aliyasikia maneno hayo na masikio yakamwaka moto. Kumbe alikuwa ameipiga hesabu hiyo kabla: alijua Wiebren ni mtu wa heshima na hataishika ile keekee mbele ya watu. Alikuwa ametumia uungwana wa jirani yake kama mwizi anayetumia dirisha lililoachwa wazi. Na pale ukingoni watu mia mbili hivi, ambao hakuna aliyewalazimisha, walikaa wakaitazama barafu nzuri kuliko zote za maisha yao, na hakuna hata mmoja aliyeingia.

Hiske alikuja karibu na saa tano, anatembea polepole, viatu shingoni. Akasimama mbele ya ubao. Akamtazama mdogo wake.

"Ngapi?" akauliza, kana kwamba haioni namba.

"Tisa."

"Tisa," Hiske akarudia. Akatikisa kichwa, akageuka, akarudi nyumbani. Oene alimtazama mgongo mpaka alipokata kona ya kanisa, na ile nafuu ya jana aliitafuta asiipate.

Alhamisi ikanyesha. Kufikia Ijumaa ziwa lilikuwa na maji juu, Jumamosi mabata walikuwa wanaogelea, na Baukje aliwarudisha wajukuu zake mjini. Lingeishia hapo, Oene angebaki na siri ndogo ya kumkera usiku. Lakini Burdwert, kijiji cha upande wa pili wa tuta, wenye ziwa lao na msimamizi wao, walikuwa wamefungua Jumatano ileile. Karibu na mlango wa maji, mahali ambapo mabata maji, kwa kuogelea usiku kucha, walikuwa wameacha tundu lisiloganda, wanaume wawili walitumbukia. Mmoja alivutwa akiwa hai. Mwingine, baba wa watoto wawili, alipatikana alasiri.

Basi mzee, Aldskar nzima ikageuka. Waliokuwa wakinung'unika sasa walimsimamisha Oene njiani wamshike mkono. Mwoka mikate alikataa kupokea hela yake. Wiebren alikuja mlangoni kofia mkononi, macho mekundu: "Oene, siku ile nilikutania mbele za watu. Nisamehe. Mwanangu alikuwa awe wa kwanza kuingia." Oene akasema hakuna neno. Hakuna neno! Alifunga mlango, akaegemea ukuta kwa aibu.

Jumapili akaenda kwa dada yake. Kahawa ilikuwepo, mkate ulikuwepo. Viatu havikuwepo mezani.

"Kumi na tatu na nusu," Hiske alisema kabla Oene hajakaa.

Oene akashika kiti.

"Nilitoboa Jumatano asubuhi mbele ya gati langu, kwa keekee ya marehemu. Nilikuja pale ukingoni kusikia utaniambia nini."

Akasema kitu ambacho alikijutia kabla hakijamaliza kutoka. "Lakini Burdwert, dada... mtu amekufa kule. Pengine na kwetu..."

"Usijifiche nyuma ya maiti ya watu!" Hiske alipiga meza, yeye ambaye meza haikuwa desturi yake. Akalazimika kukaa na kuvuta pumzi, mkono kifuani, na Oene akasimama, akakaa, asijue la kufanya na mikono yake. "Kule palikuwa na tundu, walisahau kulikagua. Kwetu ulikagua. Uliona ni nzima ukasema ni mbovu."

"Nilikuogopea."

"Najua uliniogopea. Unadhani nimekasirika kwa sababu uliniogopea?"

"Kama ulijua ni kumi na tatu, mbona hukwenda? Gati lako mwenyewe. Nani angekuzuia?"

Hiske alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wasiokuwa na tumaini, kisha akalainika, na huko kulainika ndiko kulikomuumiza Oene zaidi.

"Bendera ilikuwa nyekundu," akasema. "Ningeingia mimi, mwalimu mzima, dada wa msimamizi, watoto wote wangenifuata. Na wasingezama. Wangerudi nyumbani wanacheka, wamejifunza kwamba bendera yako ni kitambaa tu. Halafu mwaka ambao tisa ni tisa kweli, nani angekusikiliza? Kuhatarisha shingo yangu, sawa, ni yangu. Hiyo bendera haikuwa yangu." Akavuta pumzi tena. "Wala haikuwa yako."

"Ningekuomba usiende, ungekubali?"

"Ningekataa."

"Unaona!"

"Ningekataa, na ungelia, na mimi pengine ningelia, na tungekuwa watu wawili tunaozungumza. Pengine usiku ningebadili nia. Pengine ningekufa pale katikati ya ziwa na jua usoni. Hatutajua, Oene. Ulinichukulia hata nafasi ya kukukatalia."

Oene aliweka kichwa juu ya kitambaa cha meza, mzee wa miaka sabini na mmoja, akalia kwa kwikwi. Hiske hakumgusa. Alipotulia alimsogezea kikombe.

"Utawaambia?" Oene akauliza.

"Mimi? Hapana. Sitakulazimisha na sitakusemea. Wewe ni mtu mzima."

Wiki tatu alizimaliza akiwa mtu mzima. Asubuhi alisema leo, jioni alisema kesho. Aliacha kwenda dukani kwa sababu ya kupongezwa. Barua gazetini hakuandika hata moja, na watu wakasema ni unyenyekevu, angalieni, mtu ameokoa kijiji na hajigambi.

Mkutano wa mwaka wa chama ulifanyika Machi katika ukumbi wa kijiji. Watu walijaa mpaka kwenye korido. Hiske alikaa safu ya pili, amevaa koti lake la kijani, amekonda. Baukje alisoma taarifa, kisha akaweka karatasi chini na sauti ikamtetemeka. Alisema wajukuu zake walilia siku ile, na yeye mwenyewe alimkasirikia Oene moyoni, na usiku ule habari za Burdwert zilipokuja alipiga magoti kando ya vitanda vyao. Akasema kuna watu wanaotuzuia kwa kupenda ukubwa, na kuna watu wanaotuzuia kwa kusema kweli. Akamkabidhi kijisanduku chenye beji ya fedha. Ukumbi mzima ukasimama, makofi yakapigwa mpaka madirisha yakatikisika. Hiske hakusimama, lakini hakuna aliyeshangaa, mgonjwa yule.

Oene alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa na hotuba nzima, yenye mwanzo na sababu na mapenzi ya ndugu. Yote yakayeyuka.

"Ilikuwa kumi na tatu," akasema.

Makofi yalikuwa bado yanaendelea huku nyuma. Baukje akamwinamia. "Unasemaje?"

"Barafu. Jumanne ile. Chini ya daraja ilikuwa kumi na tatu, mahali pengine kumi na nne. Niliandika tisa kwa makusudi. Kulikuwa na mtu mmoja sikutaka aende, na sikuwa na ubavu wa kumwambia. Nikawafungia wote."

Makofi yakafa safu kwa safu. Watu wakakaa. Hakuna aliyepiga kelele, na Oene, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, hakujua asimame namna gani. Aliona macho yanamtafuta yule mtu mmoja, yanatua kwenye koti la kijani, yanaondoka haraka kwa adabu. Hata hilo alikuwa amemfanyia dada yake: amemweka mbele za watu bila kumuuliza. Mwanamke mmoja alisema polepole, kwa jirani yake zaidi kuliko kwa Oene, kwamba mumewe alichukua likizo bila malipo kwa ajili ya siku ile, na kwamba mume huyo miguu sasa inamuugua, haitamfikisha tena barafuni.

Wiebren ndiye aliyesimama. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Na ile miaka mingine?" akauliza.

"Nini?"

"Ile mingine, Oene. Ishirini na mmoja. Mwaka ule ulitufungia wiki nzima. Mwaka ule ulifungua, na mimi nikaingia na mtoto mgongoni."

"Miaka mingine yote nilisema kweli," Oene alisema. "Naapa."

Wiebren alimtazama, akataka sana kuamini, ilionekana. Halafu akakaa. Hakuna aliyebisha, na hakuna aliyesema ameamini. Hapo ndipo Oene alipoelewa alichokiharibu. Alidhani ameiba siku mbili, kumbe amewaibia hata siku walizokwisha kuziteleza.

Baukje alikohoa, akapanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa. Akasema, kwa sauti ya kikao, kwamba kuna pendekezo, analitoa yeye mwenyewe sasa hivi: kuanzia majira yajayo msimamizi wa barafu, awe nani awaye, asipime peke yake. Wanachama wawili wafuatane naye, kila tundu, na rula isomwe na watu watatu. Wanaoafiki wainue mikono.

Wa kwanza kupanda, katika safu ya pili, ulikuwa mkono wa Hiske, mwembamba, mkono wa koti ukateremka mpaka kwenye kiwiko. Hakumtazama mdogo wake. Ukafuata wa Wiebren, halafu ya wengine, safu nzima nzima, mpaka ukumbi ukawa mikono tu. Oene alisimama mbele yao na kijisanduku mkononi. Alikiweka mezani, akainua wake.

Baukje alihesabu kwa sauti. Alipofika kwa Oene alisita kidogo, kisha akamhesabu na yeye.